UZI: Dan Perjovschi, Mromania aliyejichora jina la nchi yake mwilini, kisha akalifuta

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa na jambo hili tangu mwaka 2022 na sijapata mtu wa kulizungumza naye kwa Kiswahili.

Agosti 2022 nilipanda treni kwenda Kassel, mji wa katikati ya Ujerumani ambao kila baada ya miaka mitano huandaa maonesho makubwa ya sanaa yanayoitwa documenta. Sikumfuata Mromania yeyote. Niliwafuata Wajukuu, wale wasanii wa Mukuru, Nairobi, ambao mwaka ule walikuwa wamealikwa. Mlango wa documenta Halle walikuwa wameuvika mabati makuukuu yenye kutu, kwa hiyo unapita kwanza kwenye kichochoro cha giza ndipo unaingia ukumbini. Wazungu waliokuwa mbele yangu walinyamaza kimya. Mimi nilitoka pale kifua mbele, nikavuka uwanja, nikakuta jengo la Fridericianum.

Hilo ni jengo la karne ya 18, mlangoni lina nguzo nene kama hekalu la Wagiriki wa kale. Nguzo zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi tii, na juu yake kuna maneno na vikaragosi vyeupe, mwandiko wa harakaharaka, kama ubao wa darasa la nne mwalimu akiwa ametoka nje. Nikadhani kuna vijana wameharibu jengo. Nikasogea, nikaanza kusoma. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Kila kikaragosi kilikuwa na mistari minne au mitano tu, na kila kimoja kilisema jambo ambalo gazeti lingehitaji ukurasa mzima.

Mchoraji ni Dan Perjovschi, alizaliwa mwaka 1961 mjini Sibiu, Romania. Niliporudi nyumbani nikaanza kumtafuta, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ndicho kilichonifanya niandike leo.

Mwaka 1993, katika tamasha la sanaa la Zona mjini Timișoara, alikaa mbele ya watu akachorwa tatuu sehemu ya juu ya mkono, karibu na bega. Neno moja tu: ROMANIA. Miaka kumi baadaye, 2003, aliifuta kwa leza kama sehemu ya maonesho yaliyokusanya wasanii wa nchi za Balkani. Na alifutia wapi? Kassel, Fridericianum, jengo lile lile ambalo mimi nilikuwa nimesimama nje yake nikisoma nguzo.

Kwa nini mtu ajichore jina la nchi yake, kisha alifute? Hapo lazima turudi nyuma kidogo.

#2 Mleta uzi (naendelea)

Nicolae Ceaușescu alishika uongozi wa chama cha kikomunisti cha Romania mwaka 1965. Mwanzoni alipendwa ndani na nje, hasa mwaka 1968 alipokataa kupeleka jeshi lake kuungana na Warusi kuivamia Czechoslovakia. Juni 1971 akasafiri China na Korea Kaskazini. Alivutiwa mno na alichokiona, viwanja vimejaa watu wanaocheza kwa pamoja na picha ya kiongozi kila mahali. Aliporudi, Julai hiyo hiyo akatoa maelekezo kwamba sanaa, vitabu na sinema sharti vitumikie chama. Dan alikuwa mtoto wa karibu miaka 10. Kwa hiyo darasa zote za sanaa alizosoma, kuanzia shule maalumu ya watoto hadi chuo cha sanaa cha Iași alikomaliza mwaka 1985, alizisoma chini ya maelekezo hayo. Alifundishwa uchoraji wa rangi za mafuta kwa nidhamu ya kitaaluma kabisa. Naomba mlikumbuke hili, maana najua kuna mtu atakuja kuandika hapa kwamba jamaa hajui kuchora.

Miaka ya 1980 ndiyo ilikuwa kiza chenyewe. Ceaușescu aliamua kulipa deni lote la nje, kama dola bilioni 10. Akauza nje chakula na mafuta, wananchi wakabaki na foleni. Mkate kwa kadi, sukari kwa kadi. Wakati wa baridi joto la majumbani lilikatwa. Televisheni ilirusha saa mbili tu kwa siku, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kiongozi na mkewe. Aprili 1989 akatangaza deni limekwisha. Mwaka haukuisha kabla ya yeye kuangushwa.

Lakini kuna kitu kimoja kilichonigusa kuliko foleni. Machi 1983 ilitoka amri namba 98 kuhusu mashine za kupigia chapa. Ukiwa na taipureta nyumbani, lazima uiandikishe polisi, na kila mwaka uwapelekee karatasi uliyoichapa nayo, ili wajue herufi za mashine yako zilivyo. Ikiokotwa karatasi mtaani yenye maneno mabaya dhidi ya serikali, wanalinganisha herufi na kukufikia. Mtu waliyemwona hatari hakuruhusiwa kumiliki kabisa. Fikiria unaishi mahali ambapo kila herufi uliyowahi kuandika inaweza kuwa imehifadhiwa kwenye jalada la Securitate, polisi wa siri, ikikusubiri.

Wakuu, nimeifikiria sana hii amri kila ninapoona picha za kuta za Perjovschi. Tangu miaka ya 1990 mwishoni, kazi yake kubwa ni kuchora moja kwa moja ukutani au sakafuni kwa maka peni au chaki, mbele ya watu, na maonesho yakiisha ukuta unapakwa rangi. Hakibaki kitu. Mtu aliyekulia kwenye nchi inayohifadhi kila neno ili limhukumu mwenye kulisema, ameamua maisha yake yote kuandika hadharani, kwa mwandiko wake, na kufuta. Huo ndio msimamo wangu katika uzi huu: kufuta kwake ni sehemu ya kazi, tena sehemu yenye uzito zaidi.

#3 Mchangiaji, Goma

Ndugu mleta uzi, asante. Umetaja Ceaușescu na mimi nimekumbuka mambo ya baba. Huku kwetu jina lile si geni. Alikuja Zaire mwaka 1972, akafanya urafiki mkubwa na Mobutu, na vyama vyao vilishirikiana miaka mingi. Desemba 1989 walipoonyesha kwa televizyo maiti za Ceaușescu na mukewe baada ya kupigwa risasi, inasimuliwa kwamba Mobutu alitikisika sana. Na tarehe 24 Aprili 1990 ndipo alipotangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakimtoka. Wazee walisema ule mukanda wa video ulifika mbali kuliko balozi yoyote.

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Goma, umeongeza kitu kikubwa. Katika ziara hiyo hiyo ya 1972 alipita pia Zambia na Tanzania. Kwa hiyo wazazi wetu wengine walisimama barabarani kumpungia bendera.

Nimalizie upande wa mapinduzi, halafu nirudi kwa msanii. Moto ulianza Timișoara tarehe 16 Desemba 1989, watu walipokusanyika kumlinda mchungaji László Tőkés asihamishwe kwa nguvu. Tarehe 21 Ceaușescu aliita mkutano wa hadhara Bucharest ili kuonyesha nguvu. Akiwa katikati ya hotuba umati ukaanza kuzomea, na kamera zikaunasa uso wake ukibadilika. Tarehe 22 alikimbia kwa helikopta kutoka juu ya paa. Siku ya Krismasi yeye na mkewe Elena walishtakiwa na kuuawa mjini Târgoviște, yote ndani ya saa chache. Waliokufa katika mapinduzi yale ni zaidi ya 1,000, na wengi wao waliuawa baada ya Ceaușescu kuwa ameshakimbia. Nani aliwapiga risasi? Hilo bado linawatesa Waromania hadi leo.

Mwanzoni mwa 1990 wasomi wa Bucharest walianzisha gazeti la kila wiki, wakaliita 22, kwa heshima ya tarehe ile. Tangu 1991 Perjovschi akawa mchoraji wake. Ndipo alipojifunzia kazi, kwa maoni yangu, kuliko chuoni. Mchoro wa gazeti lazima mtu auelewe akiwa kwenye basi. Hauna nafasi, hauna rangi, na wiki ijayo umeshafungiwa samaki. Akautoa ule mchoro mdogo gazetini akaupandisha ukutani.

Na miaka ile haikuwa ya sherehe. Juni 1990 wachimba makaa wa bonde la Jiu walisombwa kwa treni hadi Bucharest, wakawapiga wanafunzi waliokuwa wakiandamana uwanja wa Chuo Kikuu, na rais Ion Iliescu, ambaye mwenyewe alikuwa kigogo wa zamani wa chama, akawashukuru hadharani. Sasa jiulize, miaka mitatu baadaye mtu anapojichora ROMANIA mkononi, anasema naipenda nchi yangu, au anasema nimepigwa chapa kama ng'ombe? Mimi naona yote mawili yapo, na ndiyo maana tatuu ile haizeeki.

#5 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu heshima kwako, umeandika vizuri. Ila niseme ukweli wangu. Nimetafuta michoro yake mtandaoni, nimeona vijiti vyenye vichwa. Binti yangu wa darasa la pili anachora hivyo hivyo. Mimi ni fundi wa kuandika mabango, natumia siku nzima kunyoosha herufi moja. Kwa nini huyu aitwe kwenye makumbusho makubwa duniani?

#6 Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, swali lako ni la haki na linatoka kwa mtu wa kazi, nalijibu kwa heshima.

Wewe unajua kwamba bango zuri ni lile linalosomeka na dereva anayepita kwa kasi. Yeye anafanya hivyo na siasa. Kabla ya kuchora hukusanya habari, husoma magazeti ya mji aliofikia, huzunguka na daftari. Mchoro mmoja anaweza kuurudia miaka mingi mpaka mistari ipungue ibaki ile isiyoweza kuondolewa. Kuna mmoja wa mtu aliyesimama peke yake, chini yake maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: "Mimi si kioja cha kutoka mbali, mimi nimechoka." Mwaka 2007 maneno hayo yakawa jina la maonesho yake Kunsthalle Basel, Uswisi.

Kumbuka alikotoka. Hadi mwisho wa 2001 Mromania alihitaji viza hata ya kwenda kutembea Ufaransa au Ujerumani. Baada ya 1989 wasimamizi wa makumbusho ya Magharibi walikuja Bucharest kutafuta wasanii "wa Mashariki", wakitaka mateso, matope, na misalaba. Msanii anaalikwa ili awe mfano wa shida ya kwao. Yule mtu mchovu wa mistari mitano anawajibu. Mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kualikwa Ulaya "kuiwakilisha Afrika" atauelewa mchoro ule kabla hajamaliza kuusoma.

Tena kuna suala la mfuko. Turubai la rangi za mafuta linahitaji sanduku, bima, forodha, lori. Nchi yake haikuwa na pesa za kusafirisha hayo. Maka peni inakaa mfukoni. Msanii maskini akafika Venice, New York na London akiwa na kalamu tu, na ukuta akaukuta huko huko.

Venice 1999, kwenye banda la Romania, alichora sakafu nzima. Wageni waliingia wakakanyaga, na kadiri walivyotembea ndivyo michoro ilivyofutika chini ya viatu vyao. Kazi aliita rEST. Ndani ya neno hilo la Kiingereza kuna "mapumziko" na "mabaki", na herufi kubwa EST zinasomeka "Mashariki", kwa Kiromania na kwa Kifaransa pia. Mashariki ikakanyagwa na watalii mpaka ikaisha.

Mwaka 2007 makumbusho ya MoMA, New York, yalimpa ukuta mrefu wa ukumbi wa ndani. Alichora kwa siku kadhaa akiwa juu ya mashine ya kunyanyulia, milango ikiwa wazi, wageni wakimtazama. Jina la kazi ni swali, "Tumepatwa na nini?", ila neno la Kiingereza la "sisi" aliliandika kwa herufi kubwa, US, kwa hiyo linasomeka pia "Marekani imepatwa na nini?" Ilikuwa miaka ya vita vya Iraq. Na Januari mwaka huo huo nchi yake ilikuwa imeingia Umoja wa Ulaya. Maonesho yalipoisha ukuta ukapakwa rangi nyeupe.

#7 Mchangiaji, Nairobi

Swali dogo tu. Kama kila kitu kinafutwa, anauza nini? Nimesoma kuna Mromania mwingine, Adrian Ghenie, anauza mamilioni. Huyo mbona hujamtaja?

#8 Mleta uzi

Ghenie anastahili uzi wake, ila nimguse. Alizaliwa 1977 Baia Mare, kwa hiyo mapinduzi yalimkuta na miaka 12. Mwaka 2005 yeye na Mihai Pop walianzisha nyumba ya sanaa ya Plan B mjini Cluj, na 2009 wasanii wa mji huo wakaingia kwenye kiwanda cha zamani cha brashi za rangi wakakifanya karakana zao. Kutoka hapo dunia ikaanza kuzungumzia wachoraji wa Cluj. Oktoba 2016 mchoro wake Nickelodeon uliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, kwa zaidi ya pauni milioni 7, wakati wenyewe walikuwa wamekadiria kama milioni 1 hadi milioni moja na nusu. Anapaka rangi nzito, anakwangua, nyuso zinaharibika. Amewachora Ceaușescu na Elena wamekaa kwenye ile meza ya mashtaka. Ni mchoraji mkubwa, sina ugomvi naye.

Lakini naona tofauti moja. Ghenie anaichora historia kama jinamizi lililomjia akiwa mtoto, na mwenye pesa analinunua jinamizi hilo analitundika sebuleni. Perjovschi alikuwa mtu mzima wa miaka 28 mwaka ule wa 1989. Alikuwa kazini, alikuwa anaogopa, alikuwa anapanga foleni. Hana haja ya kuiota.

Anaishi kwa nini? Hulipwa na wanaomwalika kuchora, ameuza michoro ya karatasi na madaftari, amechapisha vitabu, na gazeti. Mwaka 2013 yeye na mkewe walipewa tuzo ya Princess Margriet ya taasisi ya utamaduni ya Ulaya.

Na sasa lazima niseme juu ya mkewe. Nimekosea kumweka chini kiasi hiki.

Lia Perjovschi, naye wa 1961, naye wa Sibiu. Mwaka 1988, katika nyumba yao ndogo mjini Oradea, alijiandika maneno mwili mzima, maneno yasiyosomeka, akalala huku Dan akimpiga picha. Aliita Jaribio la Usingizi. Hakuna hadhira, hakuna ukumbi. Mwaka mmoja kabla ya mapinduzi, mwanamke anaandika kwenye ngozi yake ujumbe ambao hata polisi wakiingia hawataweza kuusoma. Hebu rudi kwenye amri ya taipureta, halafu itazame picha ile. Zona ya 1993, ile ile ya tatuu, Lia naye alikuwepo, na mwanasesere mkubwa aliyevishwa kama yeye, amelowa rangi nyeusi, anamrusha, anambamiza, kisha anamkumbatia. Kazi iliitwa Napigania haki yangu ya kuwa tofauti.

Baada ya hapo akafanya kinyume kabisa na mumewe. Waromania walikuwa wamefungiwa miaka mingi bila vitabu vya sanaa ya nje. Kila aliposafiri, Lia alirudi na katalogi, nakala za fotokopi, slaidi, mabango, hata mifuko ya maduka ya makumbusho. Akavipanga kwenye studio yao Bucharest na kuwafungulia wanafunzi milango. Akachora kwa mkono miongozo ya miaka, karne hadi karne, ili kijana aone kilichotokea duniani wakati wao wamefungiwa. Ndani ya nyumba moja mume anafuta, mke anatunza. Baada ya sheria ya 1999 Waromania wakaanza kupata haki ya kusoma majalada ambayo Securitate iliyaandika juu yao, kumbukumbu za kuumiza watu. Lia alikuwa tayari amejenga kumbukumbu za kuwafungulia watu macho.

#9 Mchangiaji, Mwanza

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya mke nimeisoma mara mbili. Huko kwao anachora bado, au amekuwa mtu wa Ulaya tu?

#10 Mleta uzi

Anachora, na hapo ndipo anaponishika zaidi. Tangu 2010 ana ukuta Sibiu, pembeni ya ukumbi wa tamthilia wa Radu Stanca. Anauita Gazeti la Mlalo. Uko nje, mvua inaunyeshea, theluji inauangukia, watu wanapita kwenda kazini. Anarudi, anafuta, anachora mapya. Ni gazeti lisilo na bei.

Ameutumia ukuta na michoro yake kuunga mkono watu wa Roșia Montană, kijiji cha milima ya Transilvania ambako kampuni ilitaka kuchimba dhahabu kwa sianidi. Mwaka 2013 maelfu waliingia barabarani kuupinga mradi huo, na 2021 eneo likaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mengine ya miaka hii mnayaweza kuyasoma wenyewe. Oktoba 2015 ukumbi wa muziki wa Colectiv, Bucharest, uliungua, vijana zaidi ya 60 wakafa, wengine hospitalini kwa maambukizi ya vidonda, na watu wakaingia barabarani wakisema rushwa inaua. Februari 2017 ulifuata umati mkubwa kuliko wote tangu 1989, kupinga amri ya serikali ya kulegeza sheria za rushwa. Na wengi wanaondoka. Sensa ya 1992 ilihesabu watu karibu milioni 23, ya 2021 ikakuta milioni 19. Wako Italia, Hispania, Ujerumani, wanalea wazee wa watu na kujenga nyumba za watu. Bungeni je? Wabunge wanakaa ndani ya lile jumba Ceaușescu alilobomolea mtaa mzima wa Bucharest, na makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa yalifunguliwa mwaka 2004 ndani ya jengo hilo hilo. Wasanii kadhaa walilalamika wazi. Mimi naungana nao. Kuna kuta ambazo kwanza zinahitaji kuulizwa zilijengwaje.

#11 Mchangiaji, Nairobi

Ya mwisho nikalale. Ile tatuu iliacha kovu?

#12 Mleta uzi

Kuhusu kovu sitasema, ila nieleze leza inavyofanya kazi. Haitoi wino nje. Inauvunja vipande vidogo sana chini ya ngozi, halafu mwili wenyewe unavibeba na kuvisambaza taratibu. Perjovschi mwenyewe huieleza kazi ile hivyo: Romania haikutoka, imetawanyika ndani yake.

Picha zipo, za 1993 na za 2003. Nikitoka kazini kesho nitaziweka hapa pamoja na zile nilizopiga za nguzo za Kassel, na kwa wa Mwanza nitaweka pia michoro ya gazeti la 22 ya miaka ya mwanzo, uone mkono wake ulivyokuwa umejaa vivuli kabla haujaanza kupunguza.